Kisima tulichimba wote, maji yakanywewa na upande mmoja: yaliyotukuta Bagamoyo kabla ya uhuru

Wakuu, salaam aleikum.

Najua wengi humu mnanizidi kwa kasi ya vidole tu, si kwa umri, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea hata kabla hamjaziandika. Marahaba. Miaka yangu sitaji. Uhuru ulinikuta nimeshaolewa na nimeshazaa, hesabu wenyewe.

Simu hii kaninunulia mjukuu wangu. Kila asubuhi nikishaswali huwa nasoma nyuzi zenu, nacheka, nanuna, halafu naweka simu chini. Sijawahi kuchangia. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Jana nilisoma uzi wa kijana mmoja anayelalamika kwamba kwao serikali imepeleka project ya maji, mabomba yamewekwa, koki zinang'aa, na haukupita muda watu wakarudi kwenye madimbwi yao. Akamaliza kwa kuwaita watu wa kwao wajinga. Mkampigia like kama mvua.

Mie iliniuma. Kijana hakusema uongo, lakini na mimi nimewahi kuwa mmoja wa wajinga hao, nimeinamia dimbwi huku bomba likiwa hatua chache tu kutoka kwetu. Nilikuwa na sababu zangu, na nilikuwa na mtoto mgongoni.

Nitawaeleza yalivyokuwa. Sitatia chumvi, Mungu ananiona na nina siku chache za kubishana naye. Majina ya watu nimebadilisha, maana wajukuu wa wahusika wamo humu na wengine ni wagomvi kama bibi zao.

Twende.

Kijiji chetu kipo nyuma ya Bagamoyo, ukishika njia ya kwenda Msata. Kilikuwa kijiji kimoja chenye mitaa miwili. Mtaa wa Juu ndiko ulikokuwa msikiti na nyumba ya Jumbe, yaani mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali ya Mwingereza. Mtaa wa Chini ndiko kulikokuwa na mashamba ya mpunga.

Tulioana, tulizikana, tuliombana moto na chumvi. Lakini kwenye ngoma, hapo hatukujuana kabisa.

Kila mtaa ulikuwa na ngoma yake ya wanawake. Ya Juu iliitwa Asumini, ya Chini iliitwa Kilua. Nyie vijana mkisikia ngoma mnadhani ni kucheza tu na kurudi nyumbani. Ngoma zile zilikuwa na viongozi, sare za kanga, wapishi wake na waimbaji wake wa mafumbo. Asumini wakitoa wimbo leo, Kilua hawalali mpaka watunge wa kujibu.

Na kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Ukila chakula cha shughuli ya wenzako bila kualikwa kwa heshima, umeshindwa. Utaimbwa mwaka mzima, na wanao watachekwa njiani.

Sasa mie nilizaliwa Juu. Mama yangu mzazi alikuwa Asumini. Nikaolewa Chini na bwana mmoja mpole, Shabani, ambaye mama yake, Bi Mwanahawa, ndiye aliyekuwa kiongozi wa Kilua. Yaani nilichumbiwa nikapelekwa katikati ya vita.

Bi Mwanahawa hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo mapema. Alinipokea vizuri, nilipojifungua alinikanda kwa mikono yake, na mwanangu wa kwanza, Hadija, alikuwa halali ila kifuani kwa bibi yake. Ila alikuwa na kiburi cha ngoma, na kiburi cha ngoma hakina dawa ya hospitali.

Maji.

Maji yetu yalikuwa bondeni, kwenye shimo. Kiangazi kikikaza, unateremka na mtungi alfajiri, unainama, unachota kwa kata ya kifuu taratibu ili usivuruge tope. Nguruwe pori wanakunywa humo humo. Vyura wanazaa humo humo. Watoto walikuwa wanaharisha kila msimu, wengine wanapona, wengine tunawazika, na tunasema ni meno yanaota.

Hadija naye alianza kuharisha alipoanza kutambaa. Nikampeleka dispensari Bagamoyo kwa miguu. Dresa akanitazama akaniambia waziwazi, "Mama, mtoto huyu anaumwa maji mnayokunywa. Mpe maji safi, ama utamzika."

Nilichemsha, msinione mzembe. Lakini mtoto anayetambaa hanywi kwenye kikombe chako peke yake. Anakunywa kwenye kata ya mtungi, kwenye bakuli la jirani, anajilambia mkono uliotoka kuchezea maji ya kuoshea vyombo. Huwezi kuchemsha kijiji kizima.

Basi serikali ikaja na habari njema. Kwamba vijiji vitakavyokubali kuchimba kisima na kubeba mawe vyenyewe, vitapewa saruji na bomba la mkono. Lile la chuma, unalisukuma juu chini maji yanatoka.

Jumbe akaitisha baraza baada ya swala ya Ijumaa. Wanaume wa mitaa yote miwili walikuwepo. Wakakubaliana kisima kichimbwe mpakani, kando ya barabara, pasiwe Juu wala Chini. Mahali pazuri, pa haki. Na walichimba wote. Shabani wangu alirudi na viganja vimechubuka, wanawake wa mitaa yote tulibeba mawe kichwani. Mkitaka kuona ushirikishwaji wa wananchi kama mnavyouita siku hizi, ulikuwepo.

Tatizo likaja siku ya kufungua.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Mzungu, alikuwa anakuja mwenyewe. Jumbe akataka ngoma ya kumpokea. Mke wake alikuwa kiongozi wa Asumini. Jumbe akawaambia Asumini wajiandae. Kilua hakuwaambia.

Mpaka leo sidhani kama alikusudia ubaya. Nadhani aliona kuchimba ni jambo kubwa, kwa hiyo akauliza watu, na ngoma ni jambo dogo la wanawake, kwa hiyo hakuuliza. Baraza lile lilikuwa la wanaume, na mtungi ulikuwa kichwani kwa mwanamke.

Kilua nao walikuwa wameshanunua kanga za sare wakisubiri kuitwa. Walisubiri mpaka waliposikia ngoma inalia barabarani.

Tukaenda kuchungulia. Bwana Shauri kasimama na kofia yake, mke wa Jumbe anasukuma bomba, ndoo ya kwanza inajaa, maji meupe kama jicho la samaki. Na Asumini wakaangusha wimbo:

*Tumepewa maji, tumepewa na ndoo,*
*Mwenye kijicho akanywe ya bondeni.*

Bwana Shauri akapiga makofi, hajui kinachoimbwa. Jumbe akatabasamu.

Nilimtazama mama mkwe.  Aligeuka, akarudi nyumbani, akakunja kanga yake mpya akaitia kwenye sanduku.

Jioni wanawake wa Kilua wakajaa uani kwetu. Akawaambia, "Wametuambia tukanywe ya bondeni. Haya, tutakunywa ya bondeni. Atakayechota pale barabarani, kaumeza wimbo ule mzima mzima."

Ndiyo hivyo wakuu. Mtaa mzima ukaacha maji safi ya jasho lake wenyewe, kwa sababu ya mistari miwili ya wimbo. Mtacheka. Chekeni, halafu nitawauliza ni mambo mangapi mmeyakataa nyie kwa sababu ya nani kayatangaza.

(Subirini kidogo, adhana. Narudi.)

Naendelea. Naona mmoja hapo chini ameshauliza kwa nini waume zetu wasituamuru. Mwanangu, wewe hujaoa. Shabani alijaribu kusema neno siku moja wakati wa kula. Mama yake akamwambia, "Ulichimba, ulishukuriwa?" Akala wali wake.

Bomba halikukaa muda likaharibika. Kuna ngozi ndani ya bomba inayovuta maji, ikakatika. Jumbe akatuma watu Chini kuomba vijana wa kusaidia kulifungua na kulitengeneza. Chini wakajibu, mwiteni aliyelichezea ngoma. Basi Juu wakalitengeneza peke yao, siku kadhaa za kazi ngumu.

Hapo mambo yakazidi kuoza, maana sasa Juu wakawa na haki ya kusema bomba ni lao. Mwanzo Chini ndio waliokataa kwenda. Sasa hata ukienda, unafukuzwa.

Najua kwa sababu nilikwenda.

Hadija alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi. Nikachagua mchana wa jua kali, watu wamejilaza. Nikachukua ndoo, nikaenda barabarani. Sijafika nusu ya ndoo, mwanamke mmoja wa Asumini akatokea, mtu tuliyecheza wote utotoni.

"Mwanaidi, si wa Chini wewe siku hizi? Kwenu hakuna shimo?"

"Mama yangu yuko Juu, dada. Na mtoto wangu anaumwa."

"Basi mlete kwa bibi yake wa Juu anywe huko. Maji ya kwenda Chini hayatoki hapa."

Nikaondoka na yale kidogo niliyopata. Sikulia njiani, nililia baadaye.

Nyumbani nikayamimina kwenye mtungi mdogo. Mama mkwe akaja, akachota kikombe, akayatazama, kisha akaonja kidogo. Maji ya bondeni yana rangi ya chai, haya yalikuwa meupe, hakukuwa na la kuficha.

"Umeyatoa wapi?"

"Barabarani, mama. Kwa ajili ya Hadija."

Akakiweka kikombe chini. Halafu akaubeba mtungi mpaka mlangoni, akayamwaga mchangani yote, bila kunipigia kelele. Akasema, "Maji haya yana wimbo ndani yake, mwanangu. Mie siwezi kukaa nayo nyumba moja."

Niliichukia ngoma siku ile. Nilimchukia na yeye, kwa saa kadhaa. Kisha nikamwona anamtafunia Hadija wali na kumlisha kwa kidole, na chuki ikanishinda kuibeba.

Baada ya hapo akaja karani wa maji kutoka wilayani, Mwafrika mwenzetu. Akakaa kando ya bomba kutwa nzima akitazama. Jioni akamwambia Jumbe mbele za watu kwamba nusu ya kijiji haichoti, na kuna kijiji kingine upande wa Msata kinalilia bomba. Akirudi akakuta hali ni ile ile, bomba litang'olewa lipelekwe kwa wanaolitaka.

Jumbe aliona aibu kweli. Lakini alichofanya ni kuitisha baraza jingine. La wanaume. Nini kilitokea? Wakakubaliana wote kwamba bomba ni zuri, wakapeana mikono, wakarudi kwa wake zao, na shimo la bondeni likaendelea kuinamiwa.

Hapo ndipo alipofariki Bi Msafiri.

Huyu alikuwa kungwi wetu. Wanawali wa mitaa yote miwili yeye ndiye aliyetufunda, mama yangu, mke wa Jumbe, mimi. Yeye na Bi Mwanahawa walikuwa ndugu wa tumbo moja. Kwenye msiba wake hapakuwa na Asumini wala Kilua, wote walikuja na kanga za kawaida, wakakaa mkekani wakilia.

Mpaka yalipotakiwa maji ya kuoshea maiti.

Kiangazi kilikuwa kimefika pabaya, bondeni kulikuwa na uji wa tope. Mitungi iliyoletwa kutoka huko, mwoshaji aliitazama akatikisa kichwa. Akasema hawezi kumwosha Bi Msafiri kwa tope. Mke wa Jumbe akainuka, akasema, kwa upole tu, "Sisi tutaleta ya bombani."

Bi Mwanahawa akasema, "Dada yangu haoshwi kwa maji ya matusi."

Basi moto ukawaka. Maiti imelazwa ndani imefunikwa shuka, na nje wanawake wazima wanakumbushana nyimbo, nani alianza, nani alibeba mawe mangapi, nani alifukuzwa na ndoo. Shehe akatuma mtu kuuliza mbona hatutayarishi, kaburi limeshachimbwa. Ugomvi ukaendelea. Mie nilikaa ukutani na Hadija mapajani, mwepesi kama kifaranga, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Sasa hapo kijijini kulikuwa na mwanamke mmoja, Kalunde, muuza mihogo ya kuchoma barabarani. Babu yake alikuwa Mnyamwezi, alikuja na misafara ya zamani akabaki. Na mnajua, sisi watu wa Pwani na Wanyamwezi ni watani tokea huko. Msibani, mtani ana ruhusa ambayo hata shehe hana. Anaweza kumtania marehemu, kushika kitu cha wafiwa mpaka kigombolewe, kulala njiani jeneza lisipite. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ukimkasirikia mtani, umejidhalilisha mwenyewe.

Kalunde aliposikia ugomvi umekolea, akatoka uani. Tukadhani kaenda kuangalia mihogo yake.

Akarudi na mkono wa bomba begani, kama mtu anayetoka shamba na jembe. Alikuwa ameuchomoa.

Akaja moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha maiti, akajilaza kizingitini chali, chuma kile kakikumbatia kifuani. Akapaza sauti, "Haya! Sasa nyote ni watu wa bondeni. Asumini bondeni, Kilua bondeni. Nendeni mkachote tope pamoja, mie napumzika hapa na bibi yangu Msafiri."

Wanawake wote wakageuka kumtazama.

Mke wa Jumbe akasema, "Kalunde, rudisha kitu cha watu."

"Cha watu gani? Nionyeshe watu, nitarudisha. Mie naona nusu watu tu huku na nusu watu kule."

Wapo waliocheka, msiba ule ule. Hata mwoshaji alificha uso na upande wa kanga. Wakamuuliza anagomboleka kwa kitu gani, kama anataka kuku, au kitenge.

Akasema hataki kuku. Anataka Bi Mwanahawa na mke wa Jumbe wauchukue ule mkono, mmoja kashika huku na mmoja kashika huku, waupeleke wenyewe, waurudishe, na wasukume pamoja mpaka maji ya kumwoshea Bi Msafiri yatimie. La sivyo haamki, na maiti haioshwi, na aibu ni ya kijiji.

Mke wa Jumbe akasimama. Sijui kama ni kwa wema au kwa sababu alijua bomba bila mkono ni chuma tu. Akasimama, akamngoja mwenzake.

Bi Mwanahawa hakusimama. Aliangalia chini, anavuta nyuzi za mkeka. Watu wote wanamwangalia yeye. Muda unakwenda.

Wakuu, mie nilikuwa mkwe wa nyumba ile. Mkwe hasemi mbele ya mama mkwe wake kwenye kadamnasi, hakuna kosa la adabu kubwa kama hilo. Lakini Hadija mapajani kwangu alikuwa anasema "mma, mma", yaani maji, ndilo neno pekee alilokuwa analijua, na sikuwa na cha kumpa ila kikombe cha tope lililotuama.

Nikajisikia nasema, "Mama. Hadija akifa, utamwosha kwa maji yepi?"

Sikuwa nimepanga. Sauti ilitoka ndogo, lakini palikuwa kimya, kila mtu alisikia. Mama yangu mzazi, aliyekaa upande wa pili, akajifunika kichwa kwa haya.

Bi Mwanahawa akainua macho. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mtoto. Akamwangalia kwa muda, kama anamwona sasa ndiyo kwanza. Halafu akaegemea mkono wake chini, akainuka taratibu, akaenda akashika ncha ya kile chuma.

Wakaenda. Sisi wote nyuma yao, barabara imejaa wanawake. Wakalitia bomba mkono wake, wakasukuma pamoja. Mwanzo hawakupatana, mmoja akivuta mwenzake anasukuma, maji hayaji. Kalunde akawapigia kelele kwamba wawili hao hata mpunga hawawezi kutwanga kinu kimoja. Kisha mikono ikazoeana, maji yakaja.

Bi Msafiri alioshwa, akazikwa kabla ya alasiri.

Ilipokwisha hitma, wanawake ndio waliokaa kikao, uani, si msikitini. Wakagawana zamu. Wiki hii Asumini wanafagia na kulinda bomba, wiki ijayo Kilua. Likiharibika, mikono inatoka pande zote. Na wimbo ule mke wa Jumbe mwenyewe alisema hautaimbwa tena. Basi mashindano yakahamia kwenye ufagio. Kilua wakizungushia kisima mawe, Asumini wanapaka chokaa. Karani wa maji aliporudi alikuta wanawake wanabishana nani kafagia vizuri zaidi, akasikiliza kidogo, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Bomba halikung'olewa.

Jumbe akapeleka taarifa wilayani kwamba baraza lake limefanikiwa. Tukamwachia.

Ningependa kuishia hapa. Mngecheka, mngenipa like, tungeagana vizuri.

Lakini niliahidi kweli.

Hadija alikunywa maji ya bomba siku ile ile, na siku zilizofuata. Mwili wake ulikuwa umeshachoka. Alipata nafuu kidogo, akawa anacheka asubuhi, halafu ikarudi ile ile kwa nguvu. Alifariki kabla ya mvua za vuli.

Bi Mwanahawa hakumruhusu mtu amchotee maji ya kumwoshea mjukuu wake. Alikwenda barabarani peke yake na ndoo. Palikuwa na foleni ya Asumini. Wote walipisha. Wakataka kumsaidia kusukuma, akakataa kwa mkono. Alisukuma mwenyewe, mtu mzima yule, mpaka ikajaa, akajitwika, akarudi. Akamwosha mwenyewe.

Swali langu hakulijibu kwa mdomo mpaka anaingia kaburini. Na sikumuuliza tena. Tuliishi naye miaka mingi, nilimuuguza mimi, na nilimpenda.

Sasa kijana wa ule uzi wa jana, na nyie mliompigia like, nisikilizeni bibi yenu kidogo.

Mtu akiwaambia wananchi walishirikishwa, muulizeni walishirikishwa kwa kipi. Sisi tuliombwa mikono, tukatoa. Midomo hatukuombwa. Na mtu aliyechimba kisima kwa mikono yake halafu akatengwa siku ya kukifungua, ana uchungu kuliko ambaye hakuchimba kabisa.

Lakini sitamtupia Jumbe lawama zote, ingekuwa rahisi mno. Yeye alikosea siku moja. Sisi tulikosea kila asubuhi tulipoteremka bondeni. Tulitaka kumkomoa Jumbe, na tulimkomoa kwa matumbo ya watoto wetu. Yeye watoto wake walikuwa wanakunywa maji meupe na kunenepa.

Kwa hiyo usiwaite watu wa kwenu wajinga. Nenda dimbwini, kaa na wale wanawake, waulize nani hakuitwa na nani aliimbwa. Watakwambia. Halafu waambie na wao, kwa adabu, kwamba aliyewakosea hanywi maji yale. Anayekunywa ni yule aliye mgongoni, na yeye hana baraza la kwenda kulalamika.

Haya, nimechoka, macho yanauma na bando la mjukuu linakwisha. Mwenye kisa cha kwao aseme, mwenye kunipinga anipinge, nitasoma comment zote baada ya swala. Mwenye dua, amtaje Hadija. Angekuwa bibi sasa.